Hakuna Stegi ya Kwenda Mburo

Mhariri,

Kwa miaka 24 niliendesha basi kati ya Kampala na Kasese kwa njia ya Masaka na Mbarara. Katika muda huo nimezipita mbuga mbili za wanyama mara elfu kadhaa, na sikuwahi kuingia hata moja. Ya kwanza ni ya Ziwa Mburo, mbele kidogo ya Lyantonde, ambako pundamilia hutoka kwao wakaja kulisha pamoja na ng'ombe wa Ankole kwenye ranchi za kando ya barabara. Ya pili ni Queen Elizabeth, ambayo barabara yenyewe imeipasua katikati. Ukishateremka kutoka Rubirizi ukalikaribia daraja la Katunguru, tembo anaweza kukusimamia mbele ya taa saa nne za usiku, na yeye ndiye atakayeamua utafika Kasese saa ngapi. Abiria wangu waliamshana, wakajazana upande mmoja wa basi, simu mikononi. Mimi nilikuwa natazama saa.

Nilistaafu mwishoni mwa 2023. Mwaka uliofuata mjukuu wangu wa miaka tisa akarudi kutoka shule na jambo lake. Mwalimu amewaambia jina la Kampala limetokana na empala, mnyama aliyekuwa akilisha kwenye vilima hivi kabla ya magorofa, ndipo watu wakapaita Kasozi k'empala, kilima cha empala.

"Jjajja, wewe umeshamwona empala?"

"Mara nyingi mno."

"Wapi?"

"Njiani, nikiwa kwenye basi."

"Mbona hukusimama?"

Mhariri, nimehojiwa na trafiki wa kila wilaya kutoka Mpigi hadi Kasese, na kila swali lao nilikuwa na jibu lake. Hilo la mtoto sikuwa nalo. Nikajitetea kwa kumfundisha kwamba kwa Kiswahili mnyama huyo huitwa swala pala. Akafikiri kidogo, akasema basi Waswahili na Waganda wameibiana neno. Kisha akarudia swali lake.

Nawaandikia ninyi wa Nairobi kwa sababu Kiswahili ndiyo lugha niliyokulia. Nilizaliwa Kilembe, kwenye nyumba za wachimba shaba, ambako Mkonzo, Mkiga, Mluo na Mkongo waliteremka shimo moja na ilibidi waelewane kabla jiwe halijawaangukia. Mgodi ulifungwa mwaka 1982. Kazi ya shaba ilikwisha, lugha imebaki. Na ninachotaka kusema kwa lugha hiyo ni kuhusu maneno ninayoyasoma kila mara magazetini, kwamba sisi raia wa Uganda hatuna utamaduni wa kutembelea mbuga zetu, kwamba tumewaachia Wazungu, kwamba tunapenda harusi na mazishi tu. Nakataa. Abiria waliokuwa wakipanda juu ya viti ili wamwone tembo mmoja gizani hawakosi hamu. Wanakosa usafiri, na nitaeleza nilivyoligundua hilo.

Nilianza vibaya. Niliingia ofisi moja ya utalii hapa mjini, yenye picha ya sokwe ukutani, nikaomba bei ya kupeleka watu kumi Mburo, wikendi moja. Kijana alikuwa na adabu sana. Akaniandikia hesabu: dola 1,350. Nikamwambia, mwanangu, pensheni yangu haina dola. Akasema bei zao zote ziko hivyo. Nikapiga hesabu barabarani: karibu shilingi milioni 5. Kwa pesa hizo ningenunua ng'ombe kadhaa wa Nyabushozi, kule kwa wafugaji wanaopakana na Mburo, mjukuu akawatazama kila siku.

Mwanangu wa kiume ndiye aliyenituma Kamwokya, Barabara ya Kira, kwenye makao makuu ya Mamlaka ya Wanyamapori. Kule ndiko nilikojua kitu ambacho nashangaa hakiandikwi kwa herufi kubwa kwenye kila stendi ya basi: mbugani kuna bei mbili. Mgeni kutoka ng'ambo hulipa kwa dola, wakati ule zilikuwa kama 40 kwa Mburo. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, na mtu mzima alikuwa akilipa kama 20,000. Bei hubadilishwa kila baada ya muda, kwa hiyo ulizia kabla hujaondoka, lakini tofauti ya bei hizo mbili ni ya miaka na miaka. Shilingi 20,000! Kuna kuku wa kuchoma wanaouzwa bei hiyo Kampala, na ni wadogo. Na tiketi hiyo huhesabiwa saa 24 tangu uingie, si siku ya kalenda. Anayeingia saa tisa alasiri na kulala kambini ndani ya mbuga bado ana haki ya asubuhi nzima ya kesho yake.

Ila lazima uonyeshe kwamba wewe ni wa huku. Bebeni vitambulisho vya taifa, mhariri, vibebeni! Kati ya wazima saba niliowapeleka, jirani yangu mmoja alikiacha cha kwake kwenye mkoba wa kanisani. Tulisimama getini kwa dakika arobaini, mkewe akikitafuta Kampala ili akipige picha aitume. Watoto walikuwa wameshahesabu ngiri sita nje ya uzio kabla hatujaruhusiwa kwenda kuwatafuta wa ndani. Jambo la pili la getini ni kwamba noti hazikupokelewa. Nililipa kwa simu. Kwa hiyo pesa ziwe kwenye simu, na simu iwe na chaji.

Nikaona basi, kumbe ni rahisi! Niliona hivyo kwa siku mbili. Kisha nikauliza swali ambalo dereva angepaswa kuanza nalo: tutafikaje?

Barabara kuu haina tatizo. Kutoka Kampala hadi njia panda ya kuingilia Mburo ni saa nne za mwendo wa mtu mwenye akili, na ndiyo mbuga ya savana iliyo karibu na mji huu kuliko zote. Lakini basi litakushusha Akageti au Sanga, pale lami ilipo. Kutoka Akageti kuna kilomita zisizofika kumi za vumbi hadi geti la Nshara, na upande wa Sanga ni zaidi. Boda itakufikisha getini, sawa. Halafu? Ndani huendi kwa boda, wala hutembei peke yako kati ya nyati. Unahitaji gari. Wenye magari yao wanaingia. Wageni wa ofisi yenye sokwe wanaingia. Fundi cherehani wa Nateete mwenye 20,000 yake ya kiingilio mkononi anabaki kwenye lami, akitazama pundamilia wa ranchi.

Mimi nilipata njia kwa sababu nina ukoo wa barabarani. Aliyekuwa konda wangu sasa ana teksi ya watu 14, yaani matatu, kama mnavyosema nyinyi wa Nairobi. Alinikodishia siku tatu kwa shilingi 400,000 bila dereva, maana dereva nilikuwa mimi. Mafuta yalikula kama 330,000. Hatukulala ndani ya mbuga wala kwenye hoteli zake. Tulilala Lyantonde, mji wa madereva wa malori, ambako vyumba safi vipo kwa 35,000 ukijua mlango wa kugonga. Chakula tulibeba kutoka nyumbani. Kila mtu mzima alitoa 250,000 kwa siku zote tatu, boti na askari wa kutuongoza wakiwemo, watoto watatu wakabebwa na hesabu hiyo hiyo, na chenji ikabaki ya kununua maziwa Sanga. Linganisheni na milioni 5.

Tulikwenda Januari 2025. Mwezi huo sikuuokota tu. Likizo ya Mei huangukia kwenye mvua, na mimi nimeshaona teksi inayosukumwa na magurudumu ya nyuma ikicheza kwenye utelezi kama mlevi wa harusini. Desemba mpaka Februari kuna ukame, vivyo hivyo Juni mpaka Agosti. Nyasi zinakuwa fupi, maji ya porini yanakauka, na wanyama wanasogea ziwani ambako unaweza kuwapata bila kuzunguka siku nzima. Na Januari shule zimefungwa. Barabara za ndani zinapitika hata kwa gari letu lile. Kitu kilichobaki ni vumbi, na vumbi huoshwa.

Kuhusu viti, nina ushauri ambao huwezi kuupata kwa mtu asiyeendesha teksi: usijaze. Gari la watu 14 lina madirisha ya nyuma yasiyofunguka vizuri, na mtoto wa katikati anaona kisogo cha shangazi yake tu. Tulikuwa kumi. Nilikiondoa kiti kimoja cha kukunja, nikawapanga watoto madirishani na wazima katikati, na mtu yeyote aliyelalamika nilimkumbusha kwamba yeye atazame juu ya vichwa.

Tuliondoka Nateete Ijumaa saa kumi alfajiri ili tusikutane na foleni ya Busega. Sitawachosha na njia. Watoto walisimama Kayabwe kwenye mstari wa Ikweta, mguu mmoja kaskazini, mguu mmoja kusini, kama kila mtu. Lukaya tulinunua muchomo na gonja, yaani nyama na ndizi za kuchoma, kwa vijana wanaokimbilia madirisha, na nikawaonyesha wanangu pale Lwera ambapo Mto Katonga uliikata barabara Mei 2023, sisi madereva tukawa tunazunguka Gomba na Sembabule kama watu waliopotea. Mama watoto alisema ameshaisikia hadithi hiyo.

Jumamosi saa moja asubuhi tulikuwa getini Nshara. Askari aliyepangiwa gari letu alikuwa kijana mfupi mwenye bunduki ndefu, akakaa kiti cha mbele na kunisomea sheria: mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa, usitoke kwenye njia, hakuna kushuka mpaka niseme, hakuna honi. Nikasema ndiyo afande. Hatukumaliza kilomita mbili, ngiri wakakata njia, mama na watoto wanne mikia juu kama antena za redio, na mkono wangu ukapiga honi peke yake. Miaka 24, mhariri. Ngiri wakatimka. Askari akanigeukia taratibu: "Mzee, huku wenye njia ni wao."

Kisha tukawaona. Chini ya migunga, labda arobaini, majike yote isipokuwa dume mmoja mwenye pembe zilizopinda kama kinubi. Nilizima injini. Nimewaona wanyama hawa maisha yangu yote kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, rangi ya kahawia inayopita. Sikujua kwamba wana rangi mbili, mgongo wa tofali na ubavu wa mchanga, kama mtu aliyewapaka akaishiwa rangi. Sikujua masikio yana ncha nyeusi. Mmoja alikuja mpaka karibu na taa ya gari, akatugeuzia makalio, na mjukuu wangu ambaye tangu Kampala hakuwa amenyamaza dakika tano akanong'ona:

"Jjajja, ameandikwa M."

Kweli. Michirizi mitatu myeusi, miwili kwenye mapaja na mmoja mkiani, ukiitazama kwa nyuma ni M iliyoandikwa kwa wino. Askari akasema wageni wengi huiona. Mtoto akasema ni M ya Mburo. Kaka yake akasema ni M ya matako, akapigwa kofi dogo na shangazi, dume likakoroma, na kundi zima likaruka. Sijawahi kuona kitu kikiruka vile bila sababu.

Mburo si mbuga ya kila mtu, na nisingependa msomaji aende akanilaani. Ni ndogo, kama kilomita za mraba 370, ndogo kuliko mbuga zetu zote za savana. Tembo hakuna. Simba usimtarajie, wafugaji na simba hawakuweza kukaa pamoja, na simba ndiye aliyeshindwa. Chui wapo, ila chui ni kama mdeni, humwoni unapomtafuta. Utakaowaona ni pundamilia, nyati, pofu wakubwa kama fahali, nyamera, kuro, na twiga walioletwa kutoka Murchison mwaka 2015, kumi na watano, kwa malori. Hapo nilimwuliza askari maswali mengi kuliko watoto wote, maana mimi nimebeba vitu vingi barabarani lakini twiga sijawahi, na nilitaka kujua walipitaje chini ya nyaya za umeme. Na kwa kuwa simba na tembo hawapo, huku unaruhusiwa kutembea kwa miguu ukiwa na askari mwenye silaha. Wanangu walitembea saa mbili. Mimi na mama watoto tulibaki garini kwa sababu ya goti lake, na hayo yakawa mapumziko ya mwisho kabla ya balaa.

Nasema balaa kwa sababu waliporudi tuliondoka, na kabla hatujafika Rwonyo, makao ya mbuga, tairi la nyuma kushoto likapasuka kwenye jiwe. Nikashuka kwa kibali, nikafungua buti. Tairi ya akiba ipo. Jeki hakuna.

Sina wa kumlaumu. Aliyenikodishia gari aliniuliza kama nimekagua, nikamjibu, "Unamwuliza nani?" Dereva wa miaka 24. Upande wa pili wa njia, hatua mia moja hivi, madume matatu ya nyati yalikuwa yamelala, na moja likainuka kuja kuangalia ni kelele gani. Nyati ana namna ya kukutazama kama mtu unayemdai aliyeamua kwamba hakulipi. Askari alisimama kati yangu na yeye, bunduki imening'inia, akiniambia kwa sauti ya chini nisikimbie. Sikuwa na mpango huo. Magoti yangu hayakuwa na mpango wowote. Nyati akachoka na sisi kabla sisi hatujachoka naye, akarudi kulala. Jeki tuliipata kwa familia moja ya Mbarara iliyopita baada ya nusu saa na gari dogo. Walikataa pesa, wakakubali chapati.

Safari ya boti ndiyo iliyomponya mama watoto. Yeye ndiye niliyemwogopea tangu mwanzo, kwa vile hawezi ngazi wala kutembea mbali, na alikuwa ameshasema mara tatu abaki nyumbani. Vijana wawili wa boti walimshika mikono, mmoja mbele mmoja nyuma, akavishwa jaketi la kuelea juu ya gomesi, gauni letu la Kiganda, akakaa ubavuni kabisa mwa maji. Baada ya hapo wanyama walimjia yeye. Viboko wakatoa masikio na macho na pumzi, wakazama. Mamba alikuwa juu ya gogo mdomo wazi. Furukombe kwenye mti mkavu alitupa kichwa nyuma na kupiga ile kelele yake, na mdiria mdogo wa buluu alikaa kwenye tete karibu kiasi ambacho angeweza kumgusa. Hakumgusa. Alisema tu, "Na huyu naye mnasema ni wa Wazungu?"

Kwenye boti hiyo ndipo tuliposimuliwa jina la ziwa. Zamani palikuwa na ndugu wawili bondeni, Kigarama na Mburo. Kigarama akaota hatari inakuja, akamwambia mwenzake wahamie milimani. Mburo akapuuza. Mafuriko yakaja, bonde likawa ziwa, na ziwa likachukua jina la aliyezama, vilima vya juu vikachukua jina la aliyepona. Konda wangu, yule mwenye teksi, ni mzaliwa wa Nyabushozi na ana hadithi nyingine ya mahali hapo ambayo haisimuliwi botini. Mwaka 1983 serikali ya wakati ule ilipoifanya Mburo kuwa mbuga ya taifa, watu na ng'ombe wao walitolewa. Utawala ulipobadilika walirudi, na mbuga ikakatwa sehemu kubwa wakapewa wao. Ndiyo maana leo pundamilia na ng'ombe wanakula pamoja pale barabarani: mpaka uliwahama wote wawili. Siku hizi asilimia 20 ya viingilio vya mbuga zetu hurudishwa kwa jamii zinazopakana nazo. Konda anasema bado wanyama wanakula majani mengi kuliko hiyo asilimia, lakini anakiri zahanati na madarasa ni kitu.

Sasa nije kwa lililonitoa nyumbani. Nimekaa kwenye stendi za Kampala tangu ujana. Ukiingia pale Old Taxi Park utasikia wapiga debe wakiita Masaka! Lyantonde! Mbarara! Utasikia vijiji ambavyo hata kwenye ramani havipo. Sijasikia hata siku moja mtu akiita Mburo! Mbuga iko umbali wa saa nne, kiingilio ni bei ya kuku, na hakuna stegi, yaani kituo cha magari, ya kwenda huko. Hilo ndilo geti la kweli, na halina askari wa kulifungua.

Tena si jambo gumu. Gari moja la watu 14, lililoinuliwa kidogo, dereva anayejua njia, liegeshwe Lyantonde au pale Akageti kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mtu apande basi la Ijumaa jioni, alale, apande gari lile kwa nauli inayojulikana, iandikwe kioo cha mbele kama zinavyoandikwa nauli za Krismasi. Waingie kumi, wazunguke na askari mmoja wakigawana gharama yake, wafikishwe kwenye boti, watoke saa kumi na moja jioni na kupanda basi la kurudi. Mwenye gari hatapata hasara. Nimeipiga hesabu hiyo kwenye gari tupu na kwenye gari lililojaa, na ninajua kuipiga. Anaweza kuifanya mwenye mbuga, anaweza kuifanya chama cha teksi, hata wenye mabasi wakitaka. Na bango moja, la Kiswahili na Runyankole na Luganda, lisemalo raia analipa kwa shilingi. Niliyoyaona mimi njiani na getini yalikuwa ya Kiingereza.

Wako watakaosema tukienda kwa wingi tutapeleka kelele na kaveera, mifuko ya plastiki. Kwa kelele, aliyepiga honi nimeshamtaja. Kwa kaveera, tulibeba gunia moja na tulirudi nalo Nateete limejaa takataka zetu, pamoja na chupa mbili tulizozikuta pale tulipopata pancha, zenye maandishi ya lugha nisiyoijua.

Mjukuu aliandika kila mnyama kwenye daftari la hesabu, jina kwa Luganda, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na mbele ya swala pala amechora ile M. Ukurasa unaofuata ameandika neno moja, Tembo, na chini yake ameacha nafasi. Nimemwambia tembo yuko Katunguru. Nimeagiza jeki.

Dereva Mstaafu,
Nateete, Kampala